Nguzo ya Upande wa Jikoni

San Clemente, 8 Machi 2009

Mdogo wangu Wilber,

Pokea salamu zetu sote. Watu wakiandika barua husema wao ni wazima, hofu ni kwako uliye mbali. Mimi safari hii siwezi kusema hivyo. Wewe huko mgodini Chile najua unakula, unalala na una bima, kwa hiyo sina hofu nawe hata kidogo. Hofu yangu iko hapa hapa nilipo, ndiyo maana naandika. Kwenye simu siwezi kusema lolote, kibanda chetu cha mabanzi hakina siri. Nikinong'ona upande huu, baba anakohoa upande ule. Barua nampa binamu yetu Elmer, ataifikisha Tacna kwa basi lake na wenzake wataivusha mpaka.

Msingi umemwagwa. Fundi Rosendo alikuja na watu wake asubuhi, wakafanya kazi kwa kelele na nyimbo, na jioni walikuwa wamemaliza. Baba hakuwepo. Alikuwa kitandani na homa ya mapafu, na nilipomwambia msingi umeshafungwa alinitazama kwa uso ambao sijauona tangu mama afariki. Unajua alichotaka. Alitaka ardhi ilishwe kwanza, kama wanavyofanya kwao milimani Huancavelica: majani ya koka, peremende, divai kidogo, vyote chini kabisa kabla ya zege. Rosendo hakumngoja, alisema mashine ya kukodi hairudi mara mbili. Sasa baba amepona lakini hasemi na mtu. Anauzunguka ule msingi kutwa, kama mzee aliyenyimwa kiti kwenye harusi ya mwanawe.

Sasa yangu. Wilber, sitaki paa la zege. Najua umelipania tangu uondoke, najua majirani wote wenye watu nje wameezeka hivyo na wameacha nondo zimesimama juu wakingoja ghorofa. Lakini siku ya tetemeko mama alikufa chini ya udongo na matete tu. Baba na mimi tulilifukua paa lile kwa mikono, na bado tulichelewa. Wewe unataka kutuwekea zege juu ya vichwa. Nani atalifukua zege kwa mikono?

Luzmila wangu ana miaka sita na analala na viatu, kwa sababu mimi ndiye ninayemvalisha. Upepo wa mchanga ukipiga mabanzi naamka nikiwa nimeshamkamata mkono. Humu kibandani angalau najua kwamba kikianguka kitatuchubua tu. Tuwekee bati, mdogo wangu, au utuache na mikeka yetu ya matete. Usinicheke.

Dada yako,
Nelida


Kambini, juu ya Iquique, 29 Machi 2009

Dada Nelida, shikamoo.

Asante kwa kuniambia huna hofu nami. Niliwasomea wenzangu hapa kambini, wakacheka mpaka chai ikawapalia. Mimi ni mzima, isipokuwa midomo imepasuka kwa jua na vumbi. Natumaini kifua cha baba kimetulia, na Luzmila anakwenda shule bila kumpiga mtu.

Sikukucheka, dada. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nami mama ninaye kila siku. Lakini sikiliza. Nyumba zilizoanguka mwaka ule ni zile ambazo hakuna aliyezitazama zikijengwa. Mwenye nyumba alimwachia fundi, fundi akamwachia Mungu. Zege likifanywa vizuri halianguki. Na mimi sikuja kuchimba mlima wa watu ili nyinyi mzeeke nyuma ya mabanzi, mchanga ukiingia kwenye supu.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Kuna mhandisi wa kike pale Pisco, anaitwa Graciela Taipe, kazi yake ni kukagua nyumba zinazojengwa. Si wa Rosendo, si wa muuza saruji, ni wetu sisi. Atakuja kuutazama msingi, atakuja nguzo zikisimama, na atakuja kabla ya paa kumwagwa. Asiposema ndiyo, hakuna kinachomwagwa. Rosendo atanuna. Mwache anune, mdomo wake hauchanganyi zege.

Paa tutalimwaga Jumapili ya mwisho ya Mei. Nimeshamwomba Don Hipólito mwenye bucha na mkewe wawe wazazi wa ubatizo wa nyumba, wamekubali, yeye atavunja chupa na mkewe atapika karapulkra, viazi vikavu kwa nyama ya nguruwe, ya kulisha mtaa mzima. Nami nimeomba ruhusa niwepo. Mwambie baba ajiandae kucheza.

Mdogo wako,
Wilber


San Clemente, 26 Aprili 2009

Wilber mdogo wangu,

Salamu. Afya zetu si mbaya. Kifua cha baba kimepona, lakini kuna kingine kilichoharibika, nacho sijui nikiiteje.

Huyo Injinia Graciela amekuja. Ni mwanamke mfupi, mkavu, kofia ngumu imemzidi kichwa, na hasemi ila anapoulizwa. Alifukua kando ya msingi, akapima, akaguna, akafukia. Rosendo akanikonyeza kama anayesema, umeona? Nilianza kupumua. Nguzo zote zilikuwa zimeshasimama, mbao zimebanduliwa, na kwa kweli zilipendeza. Hata baba alifanya kazi pale: wiki ile ya kufunga nondo alijitolea mwenyewe kusaidia, akafunga zile pete za chuma zinazoshika nondo za nguzo, nami nikafurahi nikijua hasira zimekwisha.

Mhandisi akatoa nyundo ndogo na kuanza kuzigonga nguzo, moja baada ya nyingine, chini, katikati, juu, sikio likiwa karibu. Zote zililia mlio mmoja. Alipofika ile ya upande wa jikoni na kuigonga usawa wa kiuno, hata mimi niliyesimama na ndoo mkononi nilisikia tofauti. Aligonga tena. Akagonga juu yake, ikalia vizuri. Akarudi palepale, ikalia vibaya. Ndani kuna uwazi, Wilber. Aliingiza mkono mfukoni akatoa chaki nyekundu na kuichora nguzo msalaba.

Watu walikuwa wamejaa, unaujua mtaa wetu. Wote wakarudi nyuma. Misalaba myekundu tuliiona mara ya mwisho baada ya tetemeko, wanajeshi walipokuwa wakiziwekea alama nyumba ambazo mtu hatakiwi kuzirudia. Luzmila aliniuliza kama nyumba yetu imekufa.

Rosendo aliapa kwa macho ya watoto wake kwamba alishindilia zege vizuri. Mhandisi akasema hamtukani mtu, anasema tu kilichomo ndani ya nguzo, na paa halitawekwa mpaka ifunguliwe, maana yake ivunjwe hapo katikati ionekane. Rosendo anasema ni kapovu ka hewa, katapigwa lipu na hapatajulikana. Na baba, aliposikia neno kuvunja, rangi ilimtoka usoni. Alikwenda kulala saa ya mchana kweupe akajifunika hadi kichwani.

Nikuambie na lingine, ingawa utanikasirikia. Jirani yetu Casilda amesema nyumba isiyolishwa chini hujitafutia yenyewe. Amesema nguzo tupu ni mdomo, na nyumba hii inaomba mtu. Nilimfukuza na ufagio. Lakini jiko langu lile la mafiga nililokuwa nimeliweka kando ya nguzo hiyo nimelihamisha, na Luzmila nimemkataza kupita pale. Niambie tufanye nini, nami naomba usichelewe.

Dada yako,
Nelida


Kambini, 9 Mei 2009

Dada, shikamoo.

Nimeipata barua, na kabla sijaijibu Rosendo alikuwa ameshanipigia nilipokuwa mjini. Mimi ni mzima. Nimekasirika lakini ni mzima.

Nimemtukana Rosendo ya kutosha, kisha nikamsikiliza. Anasema amejenga nusu ya San Clemente tangu tetemeko na hakuna iliyopata ufa. Anasema wahandisi wasipokuta kosa huona aibu kupokea malipo. Atachimba kidogo, ataijaza kwa saruji nzito, na nguzo itakuwa ngumu kuliko mwanzo. Nimefikiria sana, dada. Don Hipólito ameshanunua nguruwe. Watu wameshaalikwa. Ruhusa yangu ni wiki ile tu, nikiikosa sitakuja mpaka mwakani, na sijamwona baba tangu tumzike mama.

Kwa hiyo tumwage kama tulivyopanga. Nguzo ni nyingi, moja yenye kapovu haiangushi nyumba. Mhandisi atakuja kuitazama baadaye, paa likishakaa. Mwambie Rosendo aendelee. Na huyo Casilda, akija tena na midomo yake, mwambie nyumba inamwomba yeye.

Acha woga, Nelida. Wewe ndiye uliyekuwa unanitoa mimi kwenye giza nilipokuwa mdogo.

Wilber wako


San Clemente, 17 Mei 2009

Wilber,

Salamu. Naandika kwa haraka, Elmer anapiga honi.

Sikumwambia Rosendo aendelee. Wewe utakula karapulkra wiki moja na kurudi Chile. Tutakaobaki chini ya paa ni sisi. Mwanangu kitanda chake kitakuwa kwenye kona hiyo hiyo. Nimempigia mhandisi, Alhamisi ijayo nguzo inafunguliwa. Ukiniona mwoga, sawa, ni mwoga.

Lakini hilo silo lililonifanya nichukue kalamu. Ni baba. Kila siku anakwenda kwenye ile nguzo. Anaweka kiganja pale kwenye msalaba mwekundu na kusema nayo, kwa lugha ya kwao ya milimani, polepole, kama anayebembeleza. Nilidhani anasali. Jana Luzmila aliniuliza, "Mama, kwa nini babu anauita ukuta Saturnina?"

Wilber, nilikaa chini. Anaiita kwa jina la mama.

Baada ya hapo maneno ya Casilda yalinirudia, na yale wanayosimulia watu wa milimani kuhusu madaraja na majengo makubwa, kwamba hayasimami mpaka yapewe mtu. Nikakumbuka baba ndiye aliyefunga pete za nguzo hiyo. Usinichukie kwa ninachokuandikia. Leo asubuhi nimekwenda makaburini. Kaburi la mama limefagiliwa vizuri, maua mapya, na udongo juu yake unaonekana umeguswa. Huenda ni ufagio tu. Nililiangalia mpaka macho yakaniuma na sikuweza kujua.

Nimemuuliza baba nguzoni kuna nini. Akasema, "Kuna nguzo." Akaondoka.

Sijamwambia mtu mwingine. Nakwenda kazini, nafunga mboga za asparaga kwenye maboksi, nacheka na wenzangu wanapocheka.

Nelida


Kambini, 22 Mei 2009

Dada yangu,

Sina salamu za maana leo, nisamehe. Barua yako ilinifikia jana na sijalala. Nimekwenda kwenye kituo cha simu mara nyingi, namba yako haipokelewi. Nadhani umeizima ili baba asisikie, au upepo umeangusha mnara tena. Au limetokea lile nisilotaka kuliwaza.

Yale niliyosema kuhusu kumwaga zege, yafute. Nilikuwa mjinga. Nilikuambia uache woga kwa sababu mimi niko mbali na nguzo.

Bosi amegeuka. Wenzetu wawili wameumia, ruhusa zote zimesimamishwa, kwa hiyo siwezi kuja. Tangu jana nakumbuka siku tulipomzika mama. Baba hakutaka jeneza lifunikwe, tulimshika mikono watu watatu. Kama amekwenda kumtoa, dada, usimpeleke kwa mtu yeyote, si polisi, si padri. Mfunike, umlaze, uningoje. Na kama umeshaifungua na hakuna kitu, niandikie neno hilo moja tu, hakuna, nilale.

Mdogo wako,
Wilber


San Clemente, 31 Mei 2009

Mdogo wangu,

Salamu. Lala. Si lile. Mama yuko alipolazwa, hakuna aliyemgusa. Simu iliingia mchanga, ndiyo maana. Sasa kaa chini nikusimulie.

Alhamisi walikuja wote, mhandisi na Rosendo na kijana wake wa tindo. Baba alikuwa ameamka kabla yetu. Tulimkuta amesimama ameiegemea nguzo kwa mgongo, amevaa lile koti lake la kanisani. Rosendo alimtania kidogo, akamwambia, mzee, tupishe, tukimaliza utaiegemea tena. Baba hakusogea. Mhandisi akamwomba kwa adabu. Hakusogea. Kijana alipoinua nyundo apige kando kando tu kumtisha, baba alisema, bila kupaza sauti:

"Usimpige mama yako nyundo, Nelida."

Mimi sikuwa nimeshika nyundo. Lakini alinitazama mimi. Nilishika mkono wa mhandisi, na nahisi nilimfinya, maana baadaye aliusugua. Nikamwuliza baba, umeweka nini humo. Niliuliza huku nikijua kwamba akijibu lile nililokuwa nawaza sitaweza kuishi tena popote, si kibandani wala ndani ya nyumba.

Akasema. Ni mtungi, Wilber. Ule mtungi mwembamba wa udongo ambao mama alikuwa anatilia maji ya kunywa, ulibaki mzima mwaka ule wakati kila kitu kimesagika. Ndani ametia majani ya koka na peremende, na udongo wa nyumba ya zamani, kutoka palepale tulipomkuta, na kitana cha mama chenye nywele zake. Msingi ulipofungwa bila yeye, aliona ardhi haikupewa kitu. Basi alipokuwa anafunga pete, alizilegeza mbili hapo katikati, akauingiza mtungi, na Rosendo akamwaga zege juu yake bila kuchungulia.

Rosendo alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akashika kichwa. Mhandisi ndiye aliyezungumza na baba. Alimwambia kwamba mtungi umekula karibu nguzo yote, zege lililobaki pembeni ni ganda tu, na nondo zimesukumwa upande mmoja. Akamwambia ardhi ikicheza, kona hii ndiyo itakayopiga magoti kwanza, na paa litafuata. Akamwuliza ni nani atakayelala hapa. Baba akamtazama Luzmila.

Nikamwambia, baba, kwa nini hukusema? Akanijibu, na hili nalikuandikia kama alivyolisema:

"Nani atawashika nyinyi? Saruji haiwajui. Yeye anawajua."

Hapo nililia mbele ya watu wote, na sikuona aibu. Wewe fikiria, mimi nilikuwa naiogopa nguzo kwa sababu ndani hamna kitu, kumbe humo ndani yeye ndimo alimoweka kila alichobaki nacho. Na ilikuwa lazima tuivunje.

Mwishowe alisogea. Alisema tindo ianze lakini mtungi ukitokea mtu mwingine asiushike ila mimi. Basi kijana alipasua zege kwa pembeni, kidogo kidogo, na shingo ya mtungi ilipoonekana akaacha, nami nikaendelea kwa mikono na kijiti. Ilikuwa mara ya pili namtoa mama kwenye kifusi. Baba alikuwa ametugeuzia mgongo. Ulitoka mzima. Nilipompa aliupokea, akaufuta vumbi kwa koti, akaingia kibandani, na tangu siku hiyo hajanisemesha. Mhandisi alimwambia anaweza kuuzika uani, katikati ya nguzo na nguzo, ambako haubebi kitu. Ameuweka juu ya rafu kwenye kichwa cha kitanda chake, na mimi ananipita kama mlango.

Nguzo itavunjwa yote na kusukwa upya, Rosendo amesema hatadai malipo ya kazi hiyo. Leo ndiyo ile Jumapili ya paa, na hakuna kilichomwagwa. Nguruwe wa Don Hipólito bado yu hai, nadhani yeye peke yake ndiye aliyenufaika.

Dada yako,
Nelida


Kambini, 14 Juni 2009

Dada yangu, shikamoo.

Mimi ni mzima, sasa naweza kusema hivyo. Barua yako niliisomea kwenye lori, nikalia, nikawaambia wenzangu ni vumbi. Vumbi kwetu ni kisingizio kinachopatikana bure.

Nimempigia baba kwa simu ya Elmer. Alisema hajambo, akaniuliza kama nakula, nikakutaja wewe, akasema mtandao mbaya akakata. Mtandao haukuwa mbaya. Mpe muda, dada. Ulifanya lililotakiwa, nami nilikuwa nimekuamuru ufanye kinyume. Kila nikilikumbuka hilo natokwa jasho huku juu kwenye baridi.

Malizieni. Mhandisi awepo kuanzia karai la kwanza hadi la mwisho, na Don Hipólito avunje chupa yake bila mimi. Na paa likishakauka, niambie ukweli: utaweza kulala chini yake?

Mdogo wako,
Wilber


San Clemente, 30 Agosti 2009

Wilber mdogo wangu,

Salamu nyingi. Nimekaa kimya muda mrefu na najua ulikuwa unahesabu mabasi ya Elmer. Tuko wazima. Nakuandikia nikiwa nimekaa mezani, na meza iko ndani ya nyumba.

Paa lilimwagwa Julai. Injinia Graciela alifika kabla ya mafundi, akapita kila nguzo na nyundo yake, akapanda juu akazihesabu nondo kama mwalimu na watoto wa darasa la kwanza. Alipofika ile ya jikoni aliigonga akaniita niigonge mwenyewe. Ililia kama wenzake. Watu walipokezana makarai hadi mchana, chupa ikavunjika, karapulkra ikaliwa mpaka ikaisha. Baba alikaa pembeni na sahani yake. Hakucheza. Mirunda iliyolishikilia paa ilipoondolewa baada ya wiki kadhaa na paa likabaki hewani peke yake, kila mtu alipiga makofi isipokuwa sisi wawili.

Uliniuliza kama nitaweza kulala chini yake. Nilishindwa. Niliingiza kitanda, nikatandika, nikasimama mlangoni nikatazama juu, nikamchukua mtoto nikarudi kibandani. Mhandisi aliniambia nyumba ni nzima na mimi namwamini yule mwanamke kuliko padri, lakini mwili haukusikia.

Kumbe baba ndiye aliyehamia. Siku ile ile mirunda ilipotoka alibeba godoro lake akaenda kulitandika chini kwenye kona ya jikoni, peke yake, na mtungi akauacha kibandani kwenye rafu. Hilo liliniuma kuliko kimya chake. Niliona amenihama. Niliona amekasirika kiasi kwamba hata mtungi alioupigania amenitupia mimi nihangaike nao. Kila siku asubuhi anatoka, anakunywa chai aliyojitengenezea, anarudi ndani. Nikipeleka chakula anakipokea mlangoni na hataki niingie. Siku moja Luzmila alijipenyeza akacheze kule kwenye chumba chake kipya, baba alimtoa kwa kumshika sikio, mtoto ambaye hajawahi hata kumkemea. Nikasema moyoni, basi, tumempoteza.

Jumanne ardhi ilitikisika. Usiogope, mmeshasikia huko pengine, haikuwa kubwa kama ile. Lakini ilianza kama ile, na chini kukanguruma, mbwa wote wakanyamaza. Mimi na Luzmila tulikuwa uani kwenye kamba ya nguo. Nilimkumbatia nikaanguka naye chini. Nyumba ilikuwa mbele yangu na ilikuwa inacheza, niliona mlango ukicheza, na baba alikuwa ndani. Nilimwita. Nilitaka kwenda, Wilber, na sikuweza kunyanyuka. Nilipiga kelele atoke, nikapiga mpaka sauti ikakauka, naye hakutoka. Niliitazama ile kona nikingoja ipige magoti.

Ilikoma. Vumbi likatua. Nyumba ilikuwa imesimama pale pale, hata kioo cha dirisha hakikupasuka.

Baba akatoka. Alikuwa anatembea polepole, amevua kofia. Nilimrukia kwa maneno, nikamwuliza kama amekuwa kiziwi, kama anataka kufa, kama anataka kunimaliza na mimi. Aliningoja nikamaliza. Kisha akanisemesha, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mtungi.

"Nilikuwa naingoja hii," alisema. "Nilitaka itikisike nikiwa humo peke yangu kwanza. Mama yako nilimwacha kwenu kibandani, awashike."

Akaniambia sasa nimlete mtoto alale ndani.

Dada yako,
Nelida